Msamaha si Kuufunika Uovu



Neno msamaha hutamkwa kwa wepesi makanisani. Uzito wake huonekana linapodai gharama. Mwezi Februari 1977, maaskofu wa Kanisa la Anglikana la Uganda walimwandikia Idi Amin barua ya kupinga mauaji na uonevu. Tarehe 16 ya mwezi huo huo Askofu Mkuu Janani Luwum aliuawa pamoja na mawaziri wawili. Serikali ikadai kuwa ni ajali ya gari. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi, aliyepata kuwa mwalimu Dodoma, alivuka milima kwa miguu pamoja na mkewe, akakimbilia Rwanda.

Mwaka huo huo alitoa kitabu ambacho jina lake latangaza kuwa anampenda Idi Amin. Hakuwa ameisahau damu ya mwenzake, wala hakuyaita maovu kuwa mema. Barua ilitangulia, msamaha ukafuata. Alichokataa ni kumwachia dhalimu nafasi ya kupanda chuki moyoni mwake.

Hapo ndipo penye funzo. Mwalimu aliyesingiziwa, au karani aliyenyimwa cheo kwa fitina, ana haki ya kusema kweli mbele ya vikao. Lakini kinyongo kikitawala, jalada la mwananchi litalala mezani, na mtoto asiye na kosa atacharazwa viboko. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Upendo wa kujitoa ni kuubeba uchungu huo mwenyewe, usimfikie asiyehusika.