Umeandikwa Wapi?

Mazungumzo na watafuta kazi na waandikaji kazi wa Satellite

Sisi ni watu wa reli, na chama chetu kimetutuma tuje tujibu maswali mliyoyaweka kwenye vikaratasi. Tumeyasoma yote. Mengi yanafanana, basi tumeyajibu pamoja. Machache yalihusu ndoa, na hayo tumewaachia wazee.

Katika Kiswahili chetu, mtu akipata kazi husema, "Nimeandikwa." Neno hilo ni zuri, lakini mara nyingi ukimwuliza huyo ndugu, "Umeandikwa wapi?" hana la kukuonyesha. Jina lake liko ndani ya simu ya nyapara, au kwenye daftari la mlinzi pale langoni. Siku nyapara akibadilisha simu, ndugu huyo ni kama hakupata kufanya kazi hapo hata siku moja. Maswali yenu karibu yote yanarudi hapo.

Swali lililoandikwa na wengi ni hili: "Je, ni lazima kutoa kitu ili nipate kazi?" Hapana. Kila alfajiri twawaona vijana wa Satellite na Kawangware wakishika Naivasha Road, halafu Ngong Road, wakienda kwa miguu mpaka Industrial Area, kwa maana nauli ingekula chakula cha mchana. Mtu aliyetembea hivyo wiki mbili, akiambiwa langoni, "Toa elfu mbili uingie kesho," hukopa. Akiisha kutoa, kesho langoni yuko mlinzi mwingine. Na siku hizi hata lango halihitajiki. Tangazo huja kwa simu, lina picha ya gari la moshi na mhuri, lasema reli yataka watu mia kadhaa, tuma pesa za sare na za kupimwa afya kwa nambari hii ya M-Pesa. Itazameni nambari yenyewe. Ikiwa ni ya mtu binafsi, mwajiri hayupo. Na mkiona tangazo la kazi ya reli, njooni mtuulize sisi kabla ya kutuma hata senti. Kutuuliza hakuna ada.

Kwa kazi za ng'ambo, kama zile za Uarabuni ambazo dada zetu wengi huzitafuta, wakala hana budi kuandikishwa na serikali, kwa Mamlaka ya Taifa ya Ajira iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2016. Uliza jina la kampuni yake, ukalitafute katika orodha ya Mamlaka kabla hujampa pasipoti. Wakala akikasirika kwa kuulizwa, rudi nyumbani.

Swali la pili ni la vyeti. Kijana mmoja ameandika kwamba ametumia pesa nyingi kwa karatasi kuliko alizopata kwa kazi mwaka mzima. Twamsadiki. Cheti cha polisi cha tabia njema peke yake ni shilingi 1,050, na waajiri wengine walikuwa wakidai pia vyeti vya kodi, vya mkopo wa masomo na vya madeni, hata kwa watu mia wanaogombea nafasi moja. Sheria ya Kazi ilirekebishwa mwaka 2022 kwa ajili hiyo. Mwajiri hana ruhusa kudai vyeti vya namna hiyo mpaka awe anakusudia kumpa mtu huyo mkataba wa maandishi. Ninyi waajiri mlio hapa, lishikeni hilo: chagueni mtu kwanza, cheti kifuate. Na pini ya KRA hutolewa bure. Mwenye duka la kompyuta hulipwa kwa kubonyeza tu.

Sasa swali la mwenye karakana mmoja, nalo ni la haki: "Mtu akija bila barua ya bwana wake wa kwanza, nitamjuaje?" Hapa tutakaa kidogo, maana jambo hili lina historia katika mji huu.

Zamani mwajiri alikuwa na jibu rahisi: alitazama kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumiwa kwa nguvu baada ya vita, mwaka 1919 na 1920. Kila mwanamume Mwafrika aliyetimiza miaka 16 alipaswa kuwa nacho, chenye alama za vidole vyake, ndani ya kikopo cha chuma ambacho wengi walikivaa shingoni kwa kamba. Bwana aliandika humo siku ya kuingia kazini, mshahara, na siku ya kutoka. Asipotia sahihi ya kumwachilia, mtu hakuweza kuandikwa kwingine, na akiondoka huitwa mtoro na kushitakiwa. Kwa hivyo wakati huo Mwafrika aliandikwa kweli kweli, lakini kalamu ilikuwa ya upande mmoja. Harry Thuku na chama chake walilalamikia kipande pamoja na kodi na kupunguzwa kwa mishahara, naye alipokamatwa Machi 1922 watu walikusanyika kituo cha polisi hapa Nairobi, wakapigwa risasi, wengi wakafa. Sheria mpya ya vitambulisho, kwa watu wa rangi zote, haikuja mpaka mwaka 1947.

Kwa sababu hiyo wazee wetu wengine wakiona karatasi ya mwajiri hushtuka hata leo. Lakini karatasi ya leo ni nyingine. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007 yasema ya kwamba mtu aliyefanya kazi wiki 4 mfululizo au zaidi, akiondoka, mwajiri lazima ampe cheti cha utumishi: jina la mwajiri, jina la mfanyakazi, siku aliyoanza, kazi aliyofanya na mahali, na siku aliyoacha. Mwajiri halazimiki kuandika kama ulikuwa mwema au mbaya. Hiyo ndiyo tofauti na kipande. Nawe mwenye karakana, kama wataka watu wenye vyeti, anza kuwapa vyeti wale wanaotoka kwako. Tumeuliza hapa nani amewahi kutoa, na mikono iliyopanda mmeiona wenyewe.

Mwajiri mwingine auliza kama aweza kumwuliza mwanamke iwapo ana mimba kabla ya kumwandika. Sheria hiyo hiyo yakataza kubagua mtu kwa ajili ya mimba, kabila, dini au ugonjwa wa UKIMWI, na katazo hilo laanzia kwenye kutafuta watu, si baada ya kuwaandika. Uliza kama aijua kazi.

"Mshahara niuulize lini?" Kabla ya kuanza, bila haya. Tena uliza ni kiasi gani kitafika mkononi. Tuchukue shilingi 20,000 kwa viwango vya mwaka 2025: bima ya afya 550, nyumba 300, NSSF 1,200. Zabaki 17,950. Mtu aliyepanga chumba kwa kuhesabu elfu ishirini atagombana na karani bure.

Na uliza, "Mwajiri wangu ni nani?" Katika reli na viwandani twaona watu waliovaa koti la kampuni hii, wanaamriwa na msimamizi wa kampuni ile, na kulipwa kwa simu ya kontrakta asiyejulikana anakaa wapi. Akivunjika mkono, kila mmoja humwonyesha mwenzake. Kazi ya miezi 3 au zaidi yapaswa kuwa na mkataba wa maandishi, na ni juu ya mwajiri kuuandika, si juu yako. Kama hujui kusoma au huijui lugha yake, lazima ufafanuliwe kwa lugha unayoielewa kabla ya kuweka kidole. Majaribio hayapiti miezi 6, ila wewe ukikubali yaongezwe, na hata hivyo yasizidi mwaka mmoja kwa jumla.

Vibarua, tumewaweka mwisho kwa kuwa ndio wengi. Kibarua kwa sheria ni mtu alipwaye jioni, asiyeandikwa kwa zaidi ya saa 24 kwa mara moja. Akiisha kufanya siku mfululizo zinazotimia mwezi mmoja, na siku za mapumziko ya wiki zikihesabiwa humo, yeye si kibarua tena. Ahesabiwa kuwa mtu wa mshahara wa mwezi, awe ameambiwa au hakuambiwa. Twawajua watu walioitwa vibarua kwa miaka sita mahali pamoja.

Huuliza basi, "Nitathibitisha namna gani, nami sina mkataba?" Kesi ikifika mahakamani na mwajiri akashindwa kuleta mkataba ulioandikwa, mzigo wa kuthibitisha masharti ya kazi ni wake yeye. Lakini lazima kwanza ionekane kwamba ulikuwa kazini. Kwa hiyo usifute ujumbe wa M-Pesa wa malipo. Nunua daftari dogo, andika kila siku tarehe, saa ya kuingia na kutoka, jina la msimamizi, na pesa ulizopewa. Wala usikawie, maana madai ya kazi hufa baada ya miaka 3.

Walio na madaftari yao au ujumbe wa malipo leo, wabaki hapa mbele tuyatazame pamoja. Tunaye karani wa chama atakayesaidia kuandika barua ya kupeleka ofisi ya kazi. Wenye karakana wanaotaka kuona mkataba wa ukurasa mmoja umekaaje, zimo nakala kumi na mbili juu ya meza. Zikiisha, mwachieni karani jina lenu.