Hasira ya Mgonjwa, Bunduki ya Mwingine

Mhadhara wa umma uliotolewa Mangobo, Kisangani



Tarehe 4 Desemba 2024, kabla ya saa moja asubuhi, mtu aliyejifunika uso alimpiga risasi Brian Thompson mbele ya hoteli moja ya Manhattan, New York. Marehemu alikuwa na miaka 50 na aliongoza UnitedHealthcare, kampuni kubwa ya bima ya afya nchini Marekani. Asubuhi hiyo alikuwa akienda kwenye mkutano wa wawekezaji. Polisi waliokota maganda ya risasi yaliyoandikwa maneno ya kuchelewesha na kukataa, yaleyale ambayo wagonjwa wa Marekani huyatumia kulalamikia kampuni zinazowakatalia malipo. Siku tano baadaye kijana mmoja alikamatwa Pennsylvania. Ameshitakiwa, amekana, na hukumu yake naiachia mahakama ya kwao.

Kilichonishtua zaidi ni yale yaliyofuata. Watu wengi mno hawakumlilia marehemu. Walisimulia mama zao walionyimwa dawa ya saratani, watoto waliokatiwa matibabu katikati, barua za kukataliwa zilizofika baada ya mazishi. Wengine walimchangia mtuhumiwa fedha za mawakili. Nilipoigusia habari hii darasani, wanafunzi wangu waligawanyika, na mmoja aliuliza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuwaza sana: Profesa, wale waliofurahi wana kosa gani?

Swali hilo nimelileta Mangobo kwa makusudi. Najua kwamba katika ukumbi huu wenye kadi ya bima mfukoni ni wachache. Lakini bima ni nini? Ni ahadi kwamba ugonjwa hautakugeuza mfungwa wa deni. Sisi tunaijua ahadi hiyo kwa kuikosa, na hasira ya kuikosa tunaijua vizuri kuliko watu wa New York.

Niieleze kama ilivyo, maana wengi wenu mmeiona. Mama amejifungua kwa kupasuliwa. Baada ya siku kadhaa daktari anapita, anatazama kidonda, anaandika kwamba anaweza kurudi nyumbani. Kuanzia saa hiyo si mgonjwa tena, lakini hatoki. Mlinzi wa getini hamruhusu mtu asiye na karatasi ya kutoka, na karatasi hiyo inatolewa kwenye dirisha la malipo. Kitanda kinahitajika, basi anahamishiwa kwenye mkeka, chumba cha mwisho, pamoja na wenzake wenye madeni. Dada yake anamletea lituma ya ndizi kwenye sufuria iliyofungwa kitambaa. Mume, ambaye anaendesha baiskeli ya toleka, anazunguka kwa shemeji, kwa mchungaji, kwa mshika fedha wa likelemba, mchezo wao wa kuchangiana, amwombe zamu yake isogezwe mbele. Kila usiku unaopita unaongezwa kwenye fatura. Mtoto anapewa jina humohumo ndani. Na hata maiti, jamani, hata maiti huzuiwa, matanga yakakaa bila wa kuzikwa.

Mtu akiniambia kwamba anayapita hayo bila hasira, nitamhofia. Hasira hiyo ni ya haki. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, ibara ya 47, inasema kwamba haki ya afya inadhaminiwa. Sheria ya Februari 2017 iliweka misingi ya mutuele, vyama vya kuchangiana matibabu. Sheria ya Desemba 2018 ikaahidi afya kwa wote. Septemba 2023 serikali ilizindua Kinshasa huduma ya bure ya kujifungua, ili isambae mkoa kwa mkoa. Mwananchi ameyasikia hayo yote redioni. Mfanyakazi ambaye mshahara wake unakatwa kila mwezi kwa ajili ya mutuele, kisha anafika hospitalini anaambiwa jina lake halimo kwenye orodha, hana haja ya profesa wa kumfundisha kwamba ameibiwa.

Sasa tazameni ni nani anayesimama mbele yake wakati hasira hiyo inapofika kooni. Ni muuguzi, ni binti wa dirisha la malipo, ni mlinzi. Huyo muuguzi huenda hayumo kwenye orodha ya mishahara ya serikali. Anaishi kwa kile kinachogawanywa mwisho wa mwezi kutokana na malipo ya wagonjwa. Akimwachia mama yule aende, wenzake wanamuuliza. Aliyepanga bei hayupo hapo. Aliyekula michango hayupo. Aliyechelewesha ruzuku yuko Kinshasa. Ngumi ya mtaani haina mkono mrefu wa kufika huko.

Lakini hiyo si hoja yangu kubwa, kwa sababu mtanijibu papo hapo: New York aliyepigwa alikuwa mkubwa mwenyewe. Ni kweli. Hoja yangu ni nyingine, na nimeipata katika historia ya komini hii. Hasira ya watu wengi, ikishaachiwa nguvu, haibaki kuwa mali ya watu hao. Anatokea mwenye silaha na shughuli yake, anaichukua, anafanya alilokusudia kwa jina lao, na gharama inalipwa na waliochukuliwa hasira yao.

Nawaomba radhi wazee kwa kuwakumbusha. Alfajiri ya tarehe 14 Mei 2002 askari na polisi walioasi waliteka redio ya taifa mjini hapa, wakawaita wananchi wainuke wawafukuze Wanyarwanda. Mji ulikuwa mikononi mwa RCD-Goma, kundi lililotegemea Kigali. Nani atasema Wanakisangani hawakuwa na sababu ya kukasirika? Miaka miwili tu nyuma, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalikuwa yamepigana siku sita katikati ya nyumba zetu, mabomu yakaua raia kwa mamia. Watu waliitikia wito wa redio. Waliodhaniwa kuwa Wanyarwanda walishikwa na umati, na baadhi yao wakauawa, kwa kudhaniwa tu.

Haikuchukua muda, redio ikarudi kwa RCD. Ndege zikashusha askari kutoka Goma. Wakaingia Mangobo. Waliua watu barabarani na ndani ya nyumba, walibaka, walipora. Usiku wakawapeleka polisi, askari na raia kwenye daraja la Tshopo, na siku zilizofuata mto ukaanza kurudisha miili. Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walihesabu waliouawa zaidi ya 160. Wale walioteka redio na kuwaita watu wainuke, wapo waliotoroka. Komini haikuwa na pa kutorokea.

Nawaomba mzingatie jambo moja katika msiba huo. Makamanda wa RCD walipoingia Mangobo hawakumtafuta aliyeua. Waliihukumu komini nzima: wewe ni wa Mangobo, basi umo. Ilikuwa hukumu ileile ambayo umati ulikuwa umeitoa asubuhi barabarani, ila sasa ilikuwa na bunduki nyingi zaidi. Mtu wa Mangobo anajua maana ya kuuawa kwa sababu ya kundi unalohesabiwa, bila kuulizwa ulifanya nini, bila mtu wa kukusemea. Ndiyo maana nasema hapa, kuliko mahali pengine popote, hatuwezi kumwambia kijana kwamba kumwua mtu kwa sababu ya cheo chake au kampuni yake ni haki ilimradi hasira ni ya kweli. Hasira ya 2002 ilikuwa ya kweli.

Mfano wa pili uko karibu na hospitali. Mlipuko wa Ebola wa Kivu Kaskazini na Ituri ulitangazwa Agosti 2018, ukamalizika Juni 2020, na uliua zaidi ya watu 2,200. Watu wa Beni na Butembo walikuwa wamechinjwa na makundi yenye silaha tangu 2014 bila kuona ulimwengu ukija mbio. Ebola ilipokuja, yalikuja magari, madola, wageni. Desemba 2018 wakanyimwa kupiga kura pamoja na nchi nzima, kwa kisingizio cha ugonjwa huohuo. Walikasirika, na mimi ningekasirika. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa, na Madaktari Wasio na Mipaka wakasitisha kazi yao huko. Ijumaa Kuu, tarehe 19 Aprili 2019, watu wenye silaha waliingia katika kliniki ya chuo kikuu cha Graben wakamwua Daktari Richard Mouzoko, Mkameruni wa miaka 42 aliyekuwa akifanya kazi na Shirika la Afya Duniani. Alikuwa kwenye mkutano wa kazi. Hakuahirisha uchaguzi wowote, hakumnyima mtu kura. Na upelelezi wa kijeshi ulipoendelea, ulifika mahali pa kuwatuhumu madaktari wa palepale kwamba walishiriki kupanga. Tuhuma hizo naziachia mahakama, lakini fikirini: mtaani watu waliamini kwamba ni hasira ya wananchi iliyofyatua risasi. Waliobaki na ugonjwa ni wananchi.

Nirudi New York. Yule aliyefyatua risasi, awe nani, alitumwa na nani? Mgonjwa gani alimpa kura yake? Mamilioni ya watu walikuwa na malalamiko yao, kila mmoja na barua yake ya kukataliwa. Siku moja mtu asiyewajua aliyabeba yote kwa pamoja akayamaliza kwa bastola, na tangu siku hiyo mazungumzo yakawa juu yake yeye: sura yake, nguo zake, kesi yake. Januari 2025 kampuni ilimteua mkuu mwingine, kazi ikaendelea. Watoto wawili wa Thompson hawana baba. Yule mama wa saratani bado hana dawa.

Najua jibu mnalolishikilia, maana nimelisikia mara nyingi, na ni jibu zito. Mnasema: Profesa, mahakama zetu zinauzwa, maskini akienda parke, kwa mwendesha mashitaka, anatozwa faranga hata za karatasi, unatuambia tungoje nini? Sitalipuuza jibu hilo. Familia za waliotupwa Tshopo bado zinangoja mahakama yao. Asiyeona uzito wa kungoja huko asije kutufundisha subira.

Hata hivyo mji huu una ushahidi wa upande wa pili. Kongo iliishitaki Uganda kwa uvamizi wake, mjini The Hague, mwaka 1999. Ilichukua miaka mingi ya kuhesabu majina, nyumba na makaburi, lakini Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe dola milioni 325, na malipo yalianza mwaka huohuo. Fedha zilipofika kwenye mfuko wa fidia, FRIVAO, waathirika wa hapa Kisangani wakaanza tena kulalamika, na walikuwa na sababu. Lakini tazameni kilichotokea: aliyekuwa Waziri wa Sheria, Constant Mutamba, alifuatwa kwa ajili ya dola zaidi ya milioni 19 zilizohamishwa kutoka mfuko huo kwa ujenzi wa gereza hapa Kisangani, na Septemba 2025 Mahakama ya Kasasheni ilimhukumu miaka mitatu ya kazi ya kulazimishwa. Haikutosha, wala haijawarudishia wajane kila walichostahili. Lakini kilichomfikia waziri kule juu, ambako ngumi ya mtaani haifiki, kilikuwa karatasi ya benki.

Nairobi, mwaka 2015, Jaji Mumbi Ngugi aliamua kwamba hospitali ya uzazi ya Pumwani ilivunja haki za wanawake wawili maskini ilipowazuia kwa sababu ya deni, na akaamuru walipwe fidia. Wanawake hao hawakuwa na jina wala fedha. Walikuwa na tarehe za kuingia, tarehe za kuruhusiwa, na mawakili waliojitolea.

Sisi tunacho cha kusimamia. Ibara ya 67 ya sheria yetu ya jinai inamwadhibu anayemzuia mtu kinyume cha sheria. Deni linadaiwa kwa njia ya deni. Mwili wa mama na mtoto wake si rehani. Kwa hiyo nawaambia wakuu wa hospitali mlioitikia mwaliko huu, na nawashukuru kwa ujasiri wa kuja: bandikeni bei ukutani, mahali ambapo mama mjamzito ataziona kabla ya uchungu kuanza. Viongozi wa mutuele, mkimkatalia mwanachama, mwandikieni sababu, mtie sahihi na jina. Kamati za afya za mitaa yetu zipewe nakala. Muuguzi naye alindwe. Mtu akimwinulia mkono, komini nzima isimame upande wake, hata kama deni halikuwa la haki.

Na ninyi wanafunzi wa mwaka wa mwisho wa sheria, ombi langu kwenu ni la kazi. Nendeni wodini wawili wawili mkaandike jina la aliyezuiwa, siku aliyoruhusiwa na daktari, kiasi anachodaiwa, na nani aliyekataa kumwachia. Muulizeni kwanza kama anakubali kuandikwa, asipokubali, mwacheni. Mafaili yatakapopatikana, mimi na wenzangu tutayapeleka parke kwa majina yetu, na gharama za karatasi zitatoka kwetu.