Mshairi Aliyeshika Wizara ya Sheria

Mwaka 1954, mwana wa Ujiji aitwaye Kaluta Amri Abedi alichapisha kitabu ambacho jina lake lingeweza kumpoteza njia wakili: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Humo hamna kifungu cha faini wala cha kifungo. Mna vina, mizani na beti, na msimamo ulioshikiliwa kwa nguvu kwamba shairi ni wimbo, kwa hiyo sharti liimbike. Miaka tisa baadaye, mwaka 1963, mtunzi huyohuyo alikuwa Waziri wa Sheria wa Tanganyika.

Sheikh Amri alikuwa mhubiri wa Ahmadiyya, tena Mwafrika wa kwanza kuwa meya wa Dar es Salaam. Baada ya Wizara ya Sheria akapewa ile ya maendeleo ya jamii na utamaduni. Sheria, ushairi na jamii vilipita katika mikono ya mtu mmoja, ndani ya muda mfupi mno. Oktoba 1964 alifariki huko Ujerumani, akiwa na umri wa miaka arobaini hivi. Leo wengi wanalijua jina lake kwa sababu ya uwanja wa mpira wa Arusha.

Msikilizaji, inafaa kuuliza sheria zake za ushairi zilisimamiwa na nani. Hapakuwa na polisi wa mizani. Walizisimamia watunzi na wasomaji wenyewe. Gazeti la Mambo Leo, lililoanza mwaka 1923, lilikuwa likichapa mashairi ya watu kutoka pembe zote za nchi. Mwalimu, karani na mkulima walitumiana mafumbo, wakajibizana na kusahihishana. Mtunzi aliyepunguza mizani mbili alijua kwamba toleo lijalo kuna atakayemkosoa, naye atamkosoa kwa beti.

Kisha wakaja waliozikataa sheria hizo waziwazi. Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi mwaka 1974, mashairi yasiyofuata vina wala mizani. Mwaka 1979 Mugyabuso Mulokozi na Kulikoyela Kahigi wakatoa Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, wakidai kwamba vina na mizani si uti wa mgongo wa ushairi. Wanamapokeo, yaani watetezi wa vina na mizani, walijibu kwa ukali. Shauri hilo lilisikilizwa vyuoni, magazetini na barazani, na hadi leo halina hukumu ya mwisho. Lakini kila aliyesimama kulizungumzia, awe profesa au mtunzi wa kijijini, aliweza kuisoma sheria aliyokuwa akiitetea au kuipinga. Ilikuwa imeandikwa kwa Kiswahili.

Sheria za nchi hazikuwa na bahati hiyo.

Mtu akifikisha dai la deni Mahakama ya Mwanzo, husikilizwa kwa Kiswahili. Kwa miaka mingi hakimu wa mahakama hiyo ameketi pamoja na washauri, ambao wananchi huwaita wazee wa baraza, watu wanaoujua mtaa na desturi zake. Mdai anaeleza, mdaiwa anajibu, shahidi anahojiwa, na kila mmoja anafuata kinachosemwa. Tatizo lilianza pale aliyeshindwa alipokata rufaa. Kadiri shauri lilivyopanda ngazi kwenda Mahakama ya Wilaya na Mahakama Kuu, ndivyo lilivyohama lugha. Maneno ya shahidi yaliyotamkwa kwa Kiswahili yaliandikwa kwa Kiingereza, hukumu ikatoka kwa Kiingereza, na mwenye shauri akabaki na nakala ambayo alilazimika kumtafuta mtu wa kumsomea. Alikuwa ameshinda au ameshindwa kwa sababu asizozijua. Ni jambo la kuumiza, nalo lilivumiliwa kwa takriban miaka sitini baada ya Uhuru.

Si kwamba Kiswahili kilikuwa fukara wa maneno. Hakimu, kadhi, wakili, shahidi, dhamana na rufaa ni maneno yaliyozoeleka masikioni mwa watu, mengi yakiwa na asili ya Kiarabu. Jaji na kesi yakaingia baadaye kutoka Kiingereza, nayo yakapata makazi. Mwaka 1968 kilitoka kitabu cha istilahi za sheria kwa Kiswahili kutoka Kitivo cha Sheria cha Dar es Salaam. Mwaka uliofuata Mwalimu Nyerere, akiwa Rais, alichapisha Mabepari wa Venisi, tafsiri yake ya mchezo wa Shakespeare. Kilele cha mchezo ule ni mahakama: mkataba unaruhusu kukata nyama ya mwili wa mdeni, lakini hautaji damu, na maisha ya mtu yanaokolewa kwa kusoma maneno yalivyoandikwa. Kiswahili kilichoweza kubeba hoja ile jukwaani kingeshindwa vipi kubeba shauri la mirathi?

Tarehe 1 Februari 2021, katika Siku ya Sheria iliyofanyika Dodoma, Rais John Magufuli alimsifu Jaji Zephrine Galeba kwa kuandika kwa Kiswahili hukumu ya shauri lililohusu mgodi wa dhahabu wa North Mara, akampandisha hadi Mahakama ya Rufani. Mwezi huohuo Bunge likapitisha marekebisho yaliyofanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, huku Kiingereza kikiruhusiwa pale panapolazimu.

Hatua hiyo ilistahili kupongezwa, lakini ndani yake mna hatari. Sheria inaweza kufasiriwa neno kwa neno, ikawa na sura ya Kiswahili na isieleweke. Sentensi ya mistari minane yenye “isipokuwa pale ambapo” mara tatu humfungia mwananchi nje kama Kiingereza kilivyomfungia. Hapa ndipo waandishi wanapohitajika, na si jambo geni. Mathias Mnyampala wa Dodoma aliwahi kuwa liwali na hakimu, na ndiye aliyezipa ngonjera umaarufu. Mtu yuleyule aliandika hukumu na kuandika mashairi.

Kazi ya kuziandika sheria kwa Kiswahili kinachoeleweka ingeweza kuanza na sheria za ardhi, ndoa na mirathi, kwa kuwa ndizo zinazowagusa watu wengi majumbani mwao. Mshairi au mwandishi wa riwaya aketi na mwanasheria mezani tangu rasimu ya kwanza. Kisha, kabla rasimu haijafungwa, kila kifungu kisomwe kwa sauti mbele ya wazee wa baraza wa wilaya mojawapo, nao waulizwe kimesema nini. Wakijibu mambo matatu tofauti, kirudi mezani kikaandikwe upya.