Kwa Mwendo wa Watoto

Somo: Mwanzo 33:12-14



Wapendwa wasikilizaji, Kitabu cha Mwanzo chatusimulia habari za Esau na Yakobo, ndugu wawili waliokutana tena baada ya miaka mingi ya uhasama. Esau amekuja na watu mia nne. Anamwalika nduguye waondoke pamoja. Yakobo anamjibu kwa upole kwamba jambo hilo haliwezekani. Msafara wake una watoto wadogo, una na mifugo inayonyonyesha. Ukiharakishwa siku moja tu, utaangamia. Kwa hiyo anamwomba Esau atangulie, naye atakuja polepole, kadiri watoto wanavyoweza kwenda.

Neno hilo la mfugaji laweza kuonekana dogo. Ili tuuone uzito wake, nawaalika leo twende kwa fikra mahali ambapo haraka huua kweli.

Katika nchi ya Nepali, kwenye milima ya Himalaya, kuna kipito kiitwacho Thorong La. Kipito ni ile sehemu iliyoinama kati ya vilele viwili, ambapo wasafiri huvukia kutoka bonde moja hadi bonde jingine. Thorong La kipo mita 5,416 juu ya usawa wa bahari. Ninyi mnaoishi chini ya Mlima Kilimanjaro mtakielewa kimo hicho: kimepungua mita 479 tu kukifikia kilele cha Uhuru. Kila mwaka maelfu ya watu hukivuka kwa miguu, na wengi wao huenda marafiki kwa marafiki.

Siku ya kuvuka huanza gizani. Yapata saa kumi alfajiri, marafiki hao hutoka katika nyumba za wageni zilizo chini ya kipito, kila mmoja na taa yake kichwani, maana jua likishapanda upepo mkali huvuma kule juu. Watapanda karibu mita 1,000, kisha watateremka mita 1,600 upande wa pili, hadi Muktinath, mahali panapoheshimiwa na Wahindu na Wabudha, ambapo mahujaji huoga maji ya baridi yatokayo katika mifereji 108. Yote hayo kwa siku moja. Hewa ni nyepesi: pumzi moja huleta karibu nusu tu ya oksijeni ambayo pumzi hiyohiyo ingeleta pwani. Mtu hupiga hatua chache, husimama, huhema, kisha hupiga hatua nyingine chache. Maneno huisha. Kila mmoja hubaki na moyo wake unaodunda, na visigino vya rafiki aliye mbele yake.

Hapo, wapendwa, ndipo urafiki unapopimwa. Mlima una ugonjwa wake. Huanza kwa kuumwa kichwa, kichefuchefu na kukosa usingizi. Ukipuuzwa, mapafu hujaa maji, au ubongo huvimba, na mtu aweza kufa kwa muda mfupi. Vijana wenye misuli hawana kinga. Mara nyingi ndio wanaougua, kwa sababu wanajiamini na kukimbia. Dawa ya hakika ni moja: kushuka. Na kinga kubwa ni ileile ya Yakobo, yaani kwenda polepole. Wenye ujuzi hufundisha kwamba mtu akishapita mita 3,000, asilale kila usiku zaidi ya mita 500 juu ya pale alipolala jana, tena apate siku za kupumzika. Wahenga wetu, ambao hawakuiona Himalaya, walikwisha kusema kwamba mwenda pole hajikwai.

Lakini kuna jambo moja katika ugonjwa huo linalonifikirisha sana. Ubongo unapoanza kuvimba, mgonjwa mwenyewe aweza kuwa wa mwisho kujua. Anayumba kama mlevi, naye anasema, "Mimi ni mzima, twendeni." Anayeona ni rafiki. Rafiki ndiye anayetambua kwamba mwenzake amenyamaza kupita kiasi, amekataa chakula, amekosea hatua. Kwa hiyo huko mlimani kuna sheria isiyo na mjadala: mgonjwa hashuki peke yake. Lazima mmoja ageuke pamoja naye, hata kama kipito kinaonekana kwa macho, hata kama amekusanya fedha miaka mingi kwa ajili ya siku hiyo.

Sheria hiyo haikufuatwa daima. Wapo wapagazi, vijana maskini wa vijijini waliobeba mizigo ya wengine, ambao walipougua waliambiwa washuke wenyewe, na baadhi yao walifia njiani. Walihesabiwa kuwa mabega ya kukodi; hawakuhesabiwa kuwa wenzi wa safari. Sisi tulio na wapagazi wetu Kilimanjaro tusilisikie jambo hilo kama habari ya mbali.

Tena mlima haungoji mtu ajiandae. Tarehe 14 Oktoba 2014, mabaki ya kimbunga Hudhud, kilichokuwa kimepiga pwani ya India siku mbili kabla, yaliifikia milima hiyo na kumwaga theluji nyingi. Katika sehemu ya Thorong La na milima ya jirani walikufa watu wasiopungua 43, Wanepali pamoja na wageni kutoka mataifa mbalimbali. Mamia waliokolewa, wengi kwa helikopta. Njia ilikuwa imefunikwa, na watu hawakuweza kuona mbele. Katika saa kama hiyo mtu hauliza nani alikuwa wa kwanza. Anauliza, "Mwenzangu yuko wapi?"

Ndugu msikilizaji, swali hilo ndilo ninalokuletea Jumapili hii. Mwenzako yuko wapi?

Katika kila nyumba yuko anayebaki nyuma. Ni mtoto anayeshika mkia darasani, ambaye kila jioni hulinganishwa na dada yake. Ni baba aliyepoteza kazi, anayesema, "Mimi ni mzima," huku anayumba. Ni bibi aliyeanza kusahau majina ya wajukuu wake. Na katika jumuiya zetu ndogo ndogo yuko mama mjane ambaye hajatoa mchango wa ujenzi. Jina lake linasomwa mbele ya watu. Juma linalofuata haonekani. Baada ya miezi miwili twasema, "Yule amelegea katika imani." La, wapendwa, hakulegea. Tulimwacha njiani, kisha tukamlaumu kwa kuchelewa.

Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, yatukumbusha kwamba Waamaleki waliposhambulia Israeli jangwani, waliwapiga waliokuwa nyuma, waliochoka na kuzimia. Adui anajua mahali pa kupiga. Taifa, parokia au familia hupimwa nguvu yake mkiani, si kichwani.

Pengine mtu atauliza: Je, wenye nguvu wakae tu, wasiendelee? Hapana. Yakobo hakumlaumu Esau kwa kutangulia, nao waliachana kwa amani. Wenye nguvu wana kazi yao. Kwenye theluji, aliye hodari hutangulia kuikanyaga ili wengine wapate njia, na huongeza mzigo wa mwenzake juu ya wake. Hiyo ndiyo sheria ya Kristo ambayo Mtume Paulo aliwaandikia Wagalatia, ya kuchukuliana mizigo. Nguvu ni karama. Nayo karama hutolewa kwa faida ya wote.

Naye Kristo mwenyewe ametutangulia katika hilo. Siku ya ufufuko wake, aliyeshinda mauti alikuwa na haki ya kwenda upesi kuliko wote. Badala yake alijiunga na wanafunzi wawili waliokuwa wakienda Emau na nyuso za huzuni. Hakuwapita. Alitembea kwa mwendo wa huzuni yao, akawasikiliza, akawafafanulia Maandiko, na jioni akaingia kukaa nao. Wakamtambua katika kuumega mkate.

Basi wiki hii, kabla hujalala, hesabu msafara wako. Mtaje kwa jina yule aliye nyuma kabisa. Kisha ufanye jambo moja: mtembelee, mlipie deni dogo, kaa naye saa moja bila kumhimiza. Huenda kwa ajili yake utachelewa kufika ulikotaka. Usiogope. Aliyegeuka nyuma kumshusha rafiki mgonjwa hakukivuka kipito, lakini amemrudisha mtu akiwa hai kwa mama yake.

Ee Bwana, uliye njia na mwenzi wa wasafiri, utupe macho ya kuwaona wanaoyumba, na subira ya kwenda nao. Mwenyezi Mungu awabariki ninyi nyote, Baba, na Mwana, na Roho Mtakatifu. Amina.