Wajibu wa Msomi kwa Mwanafunzi wa Skuli



Mwenye kukisoma kitabu cha marehemu Sheikh Abdalla Saleh Farsy juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Afrika ya Mashariki ataona kwamba mtungaji huyo, kila amtajapo mwanachuoni, hakomei kwenye nasaba yake, bali humtaja aliyemsomesha na wale aliowasomesha yeye. Ndivyo tujuavyo kwamba Sheikh Abdalla Bakathir, aliyezaliwa Lamu mwaka 1860, alikaa kitako mbele ya Sayyid Ahmad bin Sumeit, mzaliwa wa Ngazija aliyekuwa mdogo kwake kwa mwaka mmoja, akamfanya mwalimu na mshauri wake, mpaka wote wawili wakafariki mwaka 1925. Na huyo Bakathir naye akasomesha Ukutani, mjini Zanzibar, si mbali na hapa Darajani. Katika darsa za namna ile mwanafunzi alijua kitabu alichonacho mkononi, na akijua kitakachofuata akikihitimu, kwa kuwa palikuwa na mkubwa aliyempangia naye hakutaraji ujira.

Baadaye, tarehe 23 Septemba 1964, serikali ya Zanzibar ilitangaza elimu bila malipo, na neema ile iliwafungulia mlango watoto ambao wazee wao hawakuuona. Lakini darasa lililojaa haliwezi kumpa kila mtoto mwalimu wa kumwuliza muradi wake, wala mimi simlaumu mwalimu kwa hilo. Mtoto wa kidato cha pili, ambaye hata kukizoea Kiingereza cha vitabu vyake bado, ana mtihani wa Baraza la Mitihani la Zanzibar mbele yake. Akivuka, yampasa achague masomo ya sayansi, ya sanaa au ya biashara, na aghalabu huchagua kwa kumfuata rafiki yake. Anasema atakuwa daktari, na hapana aliyemwambia kwamba njia hiyo hupitia Fizikia, Kemia na Baiolojia hadi kidato cha sita, na kwamba Kemia anayoikimbia leo ndiyo itakayomkosesha udaktari miaka minne baadaye.

Nitaambiwa kwamba twisheni zipo, na makambi ya kujitayarishia mitihani yapo. Naam, yapo, na wanaoyasimamia nawaombea jaza njema. Ila twisheni hufundisha kujibu swali la mtihani, na kambi huja miezi ya mwisho, wakati ambapo mtoto aliyepotea njia tangu kidato cha kwanza hana tena nafasi ya kurudi nyuma. Ninalolitaka mimi ni jambo dogo kuliko hayo na gumu kuliko hayo: kijana wa chuo kikuu akae na watoto wawili au watatu kila juma baada ya sala ya alasiri, awasikilize kwanza, kisha amsaidie kila mmoja kuandika azma yake kwa maneno yanayopimika. “Nitafaulu” si azma. Azma ni kusema kwamba kabla ya mwezi kwisha nitakuwa nimeisoma sura hii ya Kemia, nimefanya mazoezi yake yote, na yaliyonishinda nimempelekea mwalimu. Juma lifuatalo daftari lifunguliwe, na lisilotimia litafutiwe sababu pasina kumkemea mtoto. Pengine sababu ni taa, pengine ni kazi za nyumbani ambazo binti huachiwa peke yake, na hapo mzazi ndiye wa kuzungumza naye.

Yafaa mambo haya yafanyike skulini, kwa idhini ya mwalimu mkuu na kwa ujuzi wa wazazi, mabinti wakiongozwa na dada zao wa chuo kikuu. Na anayejitolea aahidi miaka miwili kamili au asianze, kwani mtoto aliyezoeshwa kutegemea nasaha ya mtu, kisha akaachwa katikati, huvunjika moyo kuliko aliyekuwa hakuipata.

Skuli za Haile Selassie, Ben Bella na Lumumba zote zafikika kwa miguu kutoka Darajani. Nawaomba wanafunzi wa chuo kikuu mlionisikiliza, hasa ninyi mliosomea skuli hizo, mwende juma hili mkaandikishe majina yenu kwa walimu wakuu.