Mikono ya Seremala: Madoa ya Mbao na Namna ya Kuyaondoa

Makala ya leo inaelekea Muscat, mji mkuu wa Oman, na mada yake ni jambo linalojulikana na kila mtu aliyewahi kushika randa: doa la mbao linalokataa kutoka mkononi.

Karibu na Muscat, katika ufuo wa Qantab, mafundi walianza mwaka 2008 kujenga jahazi lililopewa jina la Jewel of Muscat. Waliiga chombo cha karne ya 9, ambacho mabaki yake yaligunduliwa mwaka 1998 karibu na kisiwa cha Belitung nchini Indonesia. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi ya nazi, pasi na misumari, kama ulivyokuwa ukishonwa mtepe wa pwani ya Lamu. Mwezi Februari 2010 jahazi liling'oa nanga, na mwezi Julai mwaka huohuo likawasili Singapore. Mbao zake zilitoka Ghana, za mti ulio jamaa moja na mbambakofi wa Afrika Mashariki. Miti ya jamaa hiyo ina siri yake: ndani ya vinyweleo vya mbao mna unga wa njano ambao, ukipata majimaji, hutia rangi nguo na karatasi.

Kila mti una rangi yake. Mninga hutoa utomvu mwekundu mithili ya damu. Mkoko, ambao boriti zake zilisafirishwa kwa majahazi kutoka Lamu na delta ya Rufiji hadi Oman kwa ajili ya mapaa ya nyumba, una gome lenye wingi wa tanini, kitu kile kile kinachogeuza ngozi mbichi ya mnyama kuwa ngozi ya viatu. Na ngozi ya fundi nayo ni ngozi. Tanini hushikamana nayo. Ikikutana na jasho na vumbi la chuma kutoka kwenye msumeno au tupa, hugeuka nyeusi tititi. Ndiyo kanuni iliyotumika kutengenezea wino wa zamani.

Mkasa huanza jioni. Kazi imekwisha, adhana ya magharibi inakaribia, na mikono imechafuka. Fundi huchovya mikono katika kopo la petroli au thina, akasugua kwa nguvu. Doa hufifia, lakini pamoja nalo huondoka mafuta ya asili yanayoilinda ngozi. Akirudia hivyo kila siku, ngozi hukauka, hupasuka, na huweza kupata ukurutu. Zaidi ya hayo, petroli ina benzeni, kemikali inayosababisha saratani ya damu, na mvuke wake hushika moto kwa cheche ndogo. Fundi asiyeweza kukunja vidole kwa sababu ya mipasuko amepoteza chombo chake cha kwanza cha kazi.

Dawa ya kwanza ni kulitambua doa. Ikiwa ni vanishi au rangi ya mafuta, maji peke yake hayafui dafu. Mafuta huyeyushwa na mafuta. Chukua mafuta ya kupikia, ya nazi au ya ufuta, yapake mikononi, sugua taratibu kwa dakika chache, kisha pangusa kwa kitambaa na uoshe kwa sabuni na maji vuguvugu. Palipokauka, ongeza kijiko cha sukari ili kikwangue bila kuchubua. Rangi ya maji nayo hutoka kwa sabuni, mradi ioshwe kabla haijakauka.

Ikiwa ni weusi wa tanini na chuma, tumia ndimu au siki. Asidi yake huuvunja weusi huo. Paka, subiri dakika moja au mbili, kisha suuza kwa maji mengi. Usipake penye jeraha. Tena kuna hadhari kubwa kwa wakazi wa nchi zenye jua kali kama Oman: maji ya ndimu yakibaki kwenye ngozi na kupigwa na jua, huweza kuiunguza, yakaleta malengelenge na kuacha alama nyeusi kwa majuma kadhaa. Kwa hiyo ndimu ni ya jioni; mchana siki inafaa zaidi.

Huenda baada ya hayo yote ikabaki rangi tupu, isiyoshikika kwa ukucha. Hapo ndipo wengi hurudia petroli, wakihofia kwamba udhu hautatimia. Wanazuoni wa fikihi hutofautisha mambo mawili: tabaka linalozuia maji yasifike kwenye ngozi, kama vanishi iliyoganda, na rangi isiyo na tabaka, kama ya hina. La kwanza huondolewa. La pili halizuii maji. Bibi harusi wa Muscat, au wa Unguja, huswali na hina yake mikononi. Weusi wa mbao uliozama ndani ya ngozi uko katika hali hiyo hiyo, nao huondoka wenyewe kadiri ngozi ya juu inavyojibadilisha. Mwenye shaka juu ya hali yake amwulize shehe wake kabla ya kuliendea kopo la petroli.

Kinga nayo haina gharama kubwa. Paka mafuta mepesi mikononi kabla ya kazi, na vaa glovu za mpira unapopaka vanishi. Usizivae kamwe mbele ya mashine inayozunguka, kwani huweza kunaswa na kuvuta mkono. Vitambaa vilivyolowa mafuta ya kitani visirundikwe pembeni. Huweza kushika moto vyenyewe. Vitandazwe nje vikauke, au vitiwe ndani ya maji. Na baada ya kunawa, kausha mikono vizuri, kisha ipake mafuta, kama unavyoipaka mbao iliyokwisha pigwa randa.