Kagua Lenzi Iliyotumika Kabla ya Kulipa



Mpiga picha za harusi anunuapo lenzi ya zumu iliyotumika, tuseme ya milimita 70 hadi 200, hununua riziki yake. Tunawaasa msiihukumu kwa ganda. Mkwaruzo wa nje aghalabu haudhuru picha. Kuvu iliyoota ndani ya vioo huenea, hasa katika unyevunyevu wa pwani, na hata ikisafishwa huweza kuacha alama.

Imulikeni kwa tochi upande mmoja, mtazame upande wa pili: nyuzi mfano wa utando wa buibui ni dalili ya kuvu. Zungusheni pete ya zumu mwanzo hadi mwisho. Isikwame wala isilegee. Kisha ifungeni kwenye kamera yenu wenyewe, mpige picha ya ukuta wa matofali kwa milimita 70, halafu 200, tundu la mwanga likiwa wazi kabisa. Zikuzeni picha hizo: upande mmoja ukififia kuliko mwingine, huenda lenzi iliwahi kuanguka.

Muuzaji akikataa ijaribiwe, ondokeni na fedha zenu. Akikubali nanyi mkaridhika, daini risiti yenye namba ya lenzi. Bila hiyo, malalamiko yenu yatakosa shahidi.